Pikipiki ya Zamani au ya Kizamani?

Kiswahili kina silabi moja ndogo, "ki", yenye uwezo wa kukigeuza kitu kizima. Kitu cha zamani kilikuwepo zamani. Kitu cha kizamani kina sura au mtindo wa zamani, hata kama kimetoka kiwandani jana asubuhi. Babu yako ni mtu wa zamani. Kijana anayetamba leo mjini Bukoba na suruali ya bugaluu amevaa kizamani, na suruali yenyewe pengine imeshonwa wiki iliyopita. Msomaji mwenzangu, ishike vizuri tofauti hiyo, maana ndiyo inayoninyima usingizi siku hizi.

Nina hela ya pikipiki moja. Ni hela ya kahawa ya misimu miwili, haikuja kwa ndoto. Mbele yangu kuna njia mbili. Ya kwanza ni Honda CG125 ya marehemu baba mdogo, iliyosimama bandani kwetu Rugera, tairi zimekauka, kiti kimekuwa kiota cha kuku. Ya pili ni Royal Enfield Classic 350, mkono wa pili lakini ya miaka ya karibuni, ambayo jamaa mmoja wa Kampala anaiuza. Hiyo Enfield ukiiona utadhani ni ya enzi ya mkoloni: tangi la mviringo, taa ya duara, matope ya chuma yaliyopinda kama mgongo wa ng'ombe. Kumbe ndani ina injekta, ina breki za ABS, inawaka kwa kubonyeza kitufe. Ya kwanza ni ya zamani. Ya pili ni ya kizamani.

Vijana wa kijiweni Omurushaka wameshagawanyika. Wengine wanasema, "Kaka, Enfield ndiyo mpango mzima, ukipita nayo Kayanga watu wote shingo upande." Wengine wanacheka tu. Mama mdogo naye ana lake. Wanunuzi wa chuma chakavu wanapita na mizani yao, na wameshaiulizia Honda mara mbili. Aliniambia, "Mwanangu, mimi nina ada ya shule ya kulipa. Kama unaitaka sema, kama huitaki niache niwape hao wa kilo." Kwa hiyo uamuzi wangu una tarehe. Nikichelewa, pikipiki ya baba mdogo inakwenda kuyeyushwa, igeuke nondo.

Kabla ya kutoa hela nilitaka kujua ninachonunua. Nikaanza kuuliza na kusoma, na habari ikawa ndefu kuliko nilivyotarajia.

CHUMA SI KIGENI KWETU

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba chuma kilikuja na meli ya Mzungu. La hasha! Kule Kemondo, kando ya Ziwa Viktoria, katika mkoa wetu huuhuu, mwanaakiolojia Peter Schmidt alifukua katika miaka ya 1970 matanuri ya kuyeyushia chuma yaliyotumika zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Wazee wa Kihaya waliokumbuka kazi hiyo walijenga upya tanuri na kuonyesha jinsi ilivyofanyika, na mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery wakaandika habari hizo katika jarida la Science la Marekani. Dunia ikashangaa. Wazee wenyewe hawakushangaa.

Huku Karagwe chuma kilifika hadi ikulu. Miongoni mwa vitu vya heshima vya wafalme wetu, pale Bweranyange, zilikuwemo nyundo za chuma. Mfalme alihesabiwa kuwa na undugu na mfua chuma: mmoja anatengeneza jembe na mkuki, mwingine anatengeneza nchi. Stanley alipofika kwa Rumanyika mwaka 1876 alionyeshwa nyumba ya hazina, ndani yake sanamu za ng'ombe na vifaa vya chuma na shaba vilivyopangwa kwa heshima.

Sasa tazama tarehe hizi mbili. Mwezi Novemba 1861 Speke na Grant waliingia Karagwe na kupokewa na Rumanyika. Mwaka uleule wa 1861, mjini Birmingham, Uingereza, mafundi wa bunduki waliungana wakaanzisha kampuni ya kutengeneza silaha, BSA. Kampuni hiyo baadaye ikageukia baiskeli, na mwaka 1910 ikatoa pikipiki yake ya kwanza. Nembo yake ilikuwa bunduki tatu zilizoegemeana. Royal Enfield nayo ilijitangaza kwa maneno kwamba pikipiki yake imetengenezwa kama bunduki. Katika Vita Kuu ya Pili BSA ilitoa pikipiki za aina ya M20 zipatazo 126,000 kwa jeshi la Uingereza. Mashine hii tunayoipakia mkungu wa ndizi ilizaliwa katika ukoo wa mtutu.

NANI ALIPANDA?

Jina lake ndugu zetu wa Kongo walilisikia "tukutuku", sisi tukalisikia "pikipiki". Majina yote mawili ni ya sikio: watu waliisikia kabla ya kuijua. Wazee wa kwetu wananisimulia kwamba enzi zao ukisikia mlio huo kwenye kona ya mlima, ulijua anayekuja ni mmoja wa watu wachache: padri, mchungaji, bwana shamba, mganga wa zahanati, au karani wa ushirika. Kila mmoja alikuwa na pikipiki ya ofisi, na kila mmoja alikuja na neno la ofisi. Wengine wote baiskeli, na mbele ya mlima hata baiskeli ilisukumwa.

Historia ya hela za kununulia pikipiki ni historia ya kahawa, na kahawa haitawaliwi Karagwe. Mwezi Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, bei ikapanda dunia nzima. Lakini mwaka 1976 serikali yetu ikavunja vyama vya ushirika. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera, daraja la Kyaka likavunjwa, na mpaka Kampala inaangushwa tarehe 11 Aprili 1979, nchi ilikuwa imekauka fedha za kigeni. Wanaokumbuka miaka ile hawahitaji kuelezwa: sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na spea ya pikipiki kwa dua. Mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi. Mwaka 1984 bajeti ikaruhusu wenye fedha zao za nje kuagiza bidhaa, na mwaka uliofuata Mzee Mwinyi akashika nchi. Ruksa! Mitumba ikaja, redio kaseti zikaja, na Honda zikaja.

Baba mdogo alisubiri zamu yake miaka kumi. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa wa kahawa ulivunjika, bei ikaporomoka, akarudi kwenye baiskeli yake ya Phoenix bila kulalamika. Halafu katikati ya mwaka 1994 baridi ikaiunguza tena Brazil. Bei ikaruka, na katika msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kushindana na vyama vya ushirika. Mkulima aliyekuwa hajauza shamba lake kwa butura, yaani hajapokea hela ya kahawa ikingali maua, safari hiyo alicheka. Baba mdogo alicheka. Mwaka 1995 alinunua CG125 kutoka kwa karani mmoja, ikiwa imeshatembea, na akawa mtu wa kwanza wa ukoo wetu kuwasha moto kwa mguu wake mwenyewe. Baridi iliyoua mibuni ya watu wasiotujua ndiyo iliyotununulia pikipiki. Sijui kama hilo ni la kushukuru.

Miaka hiyohiyo wakimbizi wa Rwanda walikuwa wamejaa Ngara na Karagwe tangu Aprili 1994, mashirika ya misaada yakapita na magari na pikipiki mpyampya, hadi wakimbizi waliporudishwa kwao Desemba 1996. Barabara zetu hazijawahi kuona magurudumu mengi vile. Na katikati ya msafara huo, baba mdogo na Honda yake.

SIFA BILA TAA

Hapa lazima niseme jambo ambalo wapenzi wa vitu vya kale hawapendi kulisikia. Pikipiki ile ilikuwa na taa ya volti 6. Volti 6, ndugu msomaji! Usiku wa mvua, kwenye utelezi wa udongo mwekundu, taa hiyo ilimulika kama kibatari kinachoona haya. Breki zake za ngoma zikilowa zilikuwa zinashauriwa, haziamriwi. Usiku mmoja mwaka 1997 baba mdogo alimpakia jirani mwenye uchungu wa kujifungua, mama mkwe kakaa nyuma kumshikilia, watu watatu na nusu juu ya injini ya cc 125, kuelekea hospitali. Walifika. Mtoto akazaliwa, naye leo ni mtu mzima na ana bodaboda yake. Lakini mama mdogo akisimulia safari hiyo hasemi habari za ushujaa. Anasema, "Mungu alikuwa hajalala."

Kwa hiyo akija mtu kuniambia za zamani ndizo bora, namuuliza: bora kwa nani? Enfield ile ya Kampala ina diski mbele na nyuma, na taa inayoonyesha shimo kabla hujalala ndani yake. Mwenye kuziita breki za ABS ni mapambo hajawahi kushuka mlima wetu mwezi Aprili.

NDOTO YA KUREJEA

Sasa hii biashara ya kizamani ilianzaje? Viwanda vya Uingereza vilivimba kichwa. Mwaka 1958 Honda ya Japani ilitoa Super Cub, kidude kidogo kisichotia mtu mafuta kwenye suruali. Hadi mwaka 2017 familia hiyo ya Cub ilikuwa imefikisha pikipiki milioni 100. Mwaka 1969 Honda ikatoa CB750, yenye stata ya umeme na breki ya diski. Waingereza walikuwa bado wanavujisha oili. BSA ikaanguka mwaka 1973. Kiwanda cha Triumph pale Meriden kikafungwa mwaka 1983.

Vilipokufa, vikaanza kupendwa. Ndivyo binadamu tulivyo. Triumph ilifufuliwa na mwenye mali mwingine, na mwaka 2001 ikatoa Bonneville mpya yenye sura ya ile ya mwaka 1959. Mwaka 2008 ilipowekewa injekta, wahandisi walizifunika ndani ya maumbo yanayofanana na kabureta, ili mnunuzi asikasirike. Fikiri: fundi mwenye digrii anakaa mezani kuchora kabureta ya bandia! Jina la BSA lilinunuliwa na Wahindi mwaka 2016, na mwaka 2021 Gold Star ikazinduliwa upya.

Royal Enfield ina kisa cha peke yake, nami nakipenda. Mwaka 1955 Waingereza waliungana na kampuni ya Madras kutengeneza Bullet huko India. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mzazi wa Uingereza alikuwa ameshakufa, lakini mtoto wa Madras hakuambiwa aache kazi. Akaendelea kutengeneza pikipiki ileile, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu askari na wakulima wa India waliihitaji. Ilikuwa ya zamani kwa uhalali. Ni mwaka 2009, ilipotoka Classic yenye injini mpya na mavazi ya zamani, ndipo alipoingia rasmi kwenye soko la kizamani. Simlaumu. Amejua kuuza kumbukumbu, na kumbukumbu ina bei nzuri kuliko kahawa.

INJINI ILEILE

Nilikuwa nimeshaanza kuelemea upande wa Enfield nilipompeleka fundi mmoja kuikagua Honda. Fundi huyu kazi yake ni bodaboda, vitu vya makumbusho havijui. Alikung'uta kinyesi cha kuku, akafungua mfuniko wa injini, akanyamaza. Kisha akasema, "Mdogo wangu, huyu ndiye baba yao."

"Baba wa nani?"

"Wa hizi zote hapo nje."

Na ni kweli. Katika miaka ya 1970 Honda iligundua kwamba katika nchi kama zetu watu wanapakia kupita kiasi na hawabadilishi oili kwa wakati. Injini zake za kisasa, zenye cheni ya ndani ya kuendesha valvu, zilikuwa zinakufa mapema. Badala ya kutuhubiria, ikatengeneza injini ya kutuvumilia. Mwaka 1976 ikaja CG125: valvu zinasukumwa kwa vijiti, hakuna cheni ya ndani ya kulegea, na cheni ya nje imefunikwa isile vumbi. Baadaye viwanda vya China vikaiga mpango huo. Sanlg na ndugu zake waliojaa barabara zetu, hasa baada ya kanuni za mwaka 2010 kuhalalisha biashara ya bodaboda nchini, wengi wao wamebeba damu ya injini hiyo.

Tafakari maana yake. Enfield ni mwili wa zamani wenye moyo mpya. Bodaboda ya kijana wa Nkwenda, yenye stika za Manchester na redio inayopiga kelele, ni mwili mpya wenye moyo wa mwaka 1976. Tunawacheka wapenda vitu vya kale, kumbe wilaya nzima, Karagwe na Kyerwa, inaenda sokoni, zahanati na harusini juu ya injini ya kale. Tofauti ni kwamba kwetu haijapata nafasi ya kuwa kumbukumbu. Haijaacha kazi.

Fundi akanieleza hesabu. Pistoni ya milimita 56.5 ipo duka lolote la spea Omurushaka. Valvu zipo, klachi ipo, pete zipo. Magneto ya volti 12 ya bodaboda inaingia, kwa hiyo ile taa ya kibatari tunaizika. Kila kitu kinafunguliwa kwa spana na bisibisi. Enfield je? Akatikisa kichwa. "Ile ni kilo 195. Ikilala kwenye tope utaamsha na nani? Sensa ikifa, utaisukuma mpaka Kampala?" Hakuwa anaiponda. Alikuwa anahesabu umbali.

NILIVYOAMUA

Nimemlipa mama mdogo bei ya pikipiki. Bei ya chuma nimewaachia wenye mizani, na ada imelipwa. Honda iko kwa fundi. Itapata pistoni ya Kichina, umeme wa volti 12, tairi mpya na viatu vipya vya breki. Hela iliyobaki nimenunua kofia ngumu mbili, moja yangu na moja ya abiria, maana Mungu naye anahitaji kusaidiwa. Tangi sijaligusa, lina mchubuko upande wa kushoto uliotokana na gunia za kahawa, na rangi haitapita pale.

Mshikaji wangu mmoja, mwandishi chipukizi kama wewe, amenipinga vikali. Anasema: ukishabadilisha pistoni, umeme na tairi, kipi kimebaki cha zamani? Nawe si umetengeneza ya kwako ya kizamani? Swali lake ni zuri na sitalikimbia. Nyundo ya mfua chuma hubadilishwa mpini mara nyingi, na mpini ukibadilishwa hatusemi ukoo umekatika, maana kazi ni ileile na mkono ni wa ukoo uleule. Nyundo za Bweranyange zilibaki nzima kwa sababu hazikupigiwa kitu. Hiyo nayo ni njia ya kutunza, lakini inahitaji ikulu, na mimi ninalo banda tu. Mwenye lami mlangoni na gereji yenye kompyuta, achukue Enfield kwa amani, atakuwa salama zaidi yangu. Mimi nina mlima, tope na gunia.

Neno langu la mwisho ni kwenu mnaoshika kalamu. Mwaka 1952 kijana wa Argentina, Ernesto Guevara, alisafiri na rafiki yake kwa Norton kuukuu, ikawafia Chile, wakaendelea kwa miguu na lifti. Huyu ndiye Che aliyevuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma mwaka 1965. Safari ile ya pikipiki dunia inaijua kwa sababu moja: aliandika shajara. Baba mdogo alibeba wajawazito, mahindi, barua za posa na maiti mbili, na hakuandika mstari. Bila shaka mtaani kwenu yupo mzee mwenye pikipiki bandani. Nenda na daftari. Muulize aliinunua mwaka gani, kwa hela ya nini, na usiku ule wa mvua alimpakia nani. Ila wahi, maana wenye mizani hawaandiki majina. Wanaandika kilo.